Jirani na sabufa yake mpaka saa tisa usiku: nifanye nini kabla sijafanya ujinga?

Dereva wa Alfajiri (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu, poleni na majukumu.

Naomba ushauri wa watu wazima. Matusi nimeshayasikia ya kutosha. Nakaa Dar, pande za Tabata, nyumba ya kupanga, mimi, mke na watoto wawili. Kazi yangu daladala. Saa kumi alfajiri natakiwa niwe nimeshashika usukani, maana tajiri anataka hesabu yake jioni, hajali nimelala au nimekesha.

Nyumba inayofuata tumeachana nayo uchochoro ambao watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Mwenye nyumba yuko mkoani, kamwachia mwanawe, kijana wa miaka ishirini na kitu. Huyu dogo kanunua sabufa. Ni muziki wa singeli kuanzia saa tatu usiku mpaka saa nane, saa tisa. Ingekuwa wikiendi ningevumilia, lakini ni Jumatatu hadi Jumatatu. Wenzake wanakuja kucheza gemu la mpira kwenye runinga, goli likiingia utadhani uko uwanjani kwa Mkapa, na muziki chini hauzimwi.

Kinachoniua siyo nyimbo, ni mdundo. Kuna usiku nilisikia kitu kinagonga kabatini nikajua panya. Nikawasha tochi ya simu. Vikombe vya chai vinacheza vyenyewe juu ya visahani, kimoja kimeshasogea kimegusa kioo. Mke wangu sasa anavitenganisha kwa taulo kila jioni. Mtoto wa darasa la pili anasinzia shuleni, mwalimu kashatuandikia kwenye daftari.

Kuongea nimeongea. Nilikwenda kugonga hodi saa saba usiku, wakapunguza, nafika kitandani wakarudisha. Mara nyingine nikawafokea kupitia dirishani, nikajibiwa "mzee, si uhamie Masaki kwa matajiri", wenzake wakaangua kicheko. Sasa juzi nimepitiwa na usingizi kwenye foleni ya taa, gari limejaa mpaka mlangoni. Nimeamshwa na honi za nyuma.

Shemeji yangu ananiambia nikakate waya unaoingia kwenye nyumba yao. Nimekataa, ila kila usiku ukipita naona kama lile wazo lina akili. Nisaidieni.

Siti ya Mbele

Nimeshawahi nafasi, naleta na karanga.

Jogoo la Shamba

Mkuu dawa ya moto ni moto. Nunua spika kubwa kuliko yake, saa kumi kasoro ukiamka mfungulie kwaya au kaswida mpaka uondoke. Wiki moja tu atakuja kupiga magoti.

Bi Mkasi

@Jogoo la Shamba, na majirani wengine watano wanaozunguka hapo wao wamekosa nini? Na mtoto wake anayesinzia shuleni naye aongezewe spika ya pili? Wewe utakuwa unakaa peke yako.

Mleta uzi, pole sana baba. Waya usiguse. Kwanza umeme hauna udugu, unaweza kubaki hapo hapo kwenye nguzo. Pili ni mali ya shirika, utakamatwa wewe na muziki uendelee.

Kijana wa Msewe

Mimi ndiyo huyo dogo. Siyo yule wa kwako mkuu, ila na mimi nina sabufa na nimeshawahi kuletewa mjumbe, kwa hiyo nisikilize.

La kwanza, sisi tuliomo ndani hatusikii unachosikia wewe. Chumbani kwangu nasikia muziki kamili, sauti ya msanii, kinanda, kila kitu. Kwako inafika besi tupu. Kwa hiyo ukija kusema "mnatuua", sisi tunaona mzee ana chuki na vijana, maana kwetu sauti ni ya kawaida kabisa.

La pili ndiyo kubwa. Umemfokea mbele ya washkaji. Hapo hata kama anajua ana kosa hawezi kupunguza, ataonekana boya. Lile neno la Masaki hakukwambia wewe, alikuwa anawaambia wenzake. Mtafute asubuhi akiwa peke yake, anafua au ananunua vitumbua. Dogo wa mtaani akiwa peke yake ana adabu zake zote, shikamoo utaipata.

Mama wa Mapacha

Huyu kijana kasema kweli. Saa saba usiku hakuna anayesikilizana na mtu, wewe una hasira, yeye labda kashakunywa.

FundiSpika

Ngoja niweke ya kitaalamu kidogo, hizi kazi za kufunga muziki kumbini ndiyo zinanilisha.

Sauti nyembamba ni rahisi kuizuia. Ukifunga dirisha, ukaweka pazia zito, nyingi inapungua. Besi ni mnyama mwingine. Mdundo wa hertz 50 una wimbi refu la karibu mita 7. Tofali lako la inchi 6 linamzuia mwizi, wimbi la mita 7 linalitikisa tu na kupita. Halafu nyumba zetu nyingi za kupanga ukuta wa ndani hauendi mpaka kwenye bati, au kuna silingbodi nyepesi tu. Sauti inapanda juu, inatembea chini ya bati, inashukia kwa jirani. Weka na yale matundu ya hewa juu ya madirisha. Ndiyo maana mtu anafunga madirisha yote, analowa jasho, na dum dum iko pale pale.

Sasa sikia siri ya sabufa. Watu karibu wote wanaiweka kona ya chumba, chini sakafuni. Kona ni sakafu moja na kuta mbili, zote zinairudisha besi mbele kwa nguvu. Halafu likiwa limekalia sakafu moja kwa moja, mtetemo hausafiri kwa hewa peke yake, unaingia kwenye zege na kutembea kwenye msingi. Vikombe vyako huenda vinacheza kwa sababu hiyo pia.

Dawa yake haina gharama: litolewe kona, lisogezwe mbali na ukuta unaotazama kwako, lipandishwe juu ya kitu laini. Tairi la gari lenye kipande cha godoro juu linatosha. Halafu nyuma ya sabufa kuna kitufe cha besi peke yake. Kikirudishwa chini, yeye atabaki na muziki wake karibu wote na wewe utapata usingizi. Mpelekee dogo kama ujuzi, usimpelekee kama amri. Mwambie muziki utasikika msafi zaidi, na hapo hudanganyi, sabufa ikikaa kona inavuma vuma na kumeza sauti ya msanii.

Siti ya Mbele

Karanga zimeisha, huu uzi umekuwa chuo.

Dereva wa Alfajiri

@FundiSpika ubarikiwe. Sabufa yake iko kona kweli, naiona nikipita uchochoroni, imebanwa kwenye ukuta wa upande wangu.

Na mimi kitanda changu kiko ukuta huo huo.

FundiSpika

Basi leo leo hamisha kitanda kiende ukuta wa pili. Kabati la nguo lilete huku kwenye kelele, lijazwe nguo kweli kweli. Halitamaliza tatizo ila kila kidogo kina faida. Na feni iwashe usiku kucha. Mvumo wake haunyamazishi kelele, ila unaziba zile tofauti za ghafla. Goli likiingia wakapiga ukelele hutaruka kitandani.

Nesi wa Zamu

Naongezea. Vile vizibo vya masikio vya sponji vinauzwa famasi na kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini. Watu wengi wanavisukuma tu juu juu kisha wanasema havifanyi kazi. Kivingirishe kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti, mkono wa pili upite juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, ndipo ukiingize, ukishikilie kwa kidole mpaka kitanuke. Pamba haisaidii kitu, na ikibaki vipande ndani utatafuta daktari wa masikio. Kwa mdundo wa chini hata vizibo vina kikomo, maana huo unausikia kwa kifua na godoro.

Mkiwa na vizibo, alamu weka simu mtindo wa kutetemeka chini ya mto, vinginevyo utachelewa gari.

Shirika la Afya Duniani lilishasema sauti chumbani usiku isizidi wastani wa desibeli 30 ili mtu alale vizuri. Hiyo ni kama mnong'ono. Kwa hiyo asije mtu akakwambia unadeka. Na hilo la kusinzia kwenye taa, kaka, siku ukiona macho mazito mwachie usukani deiwaka, yule dereva wa kukushikia. Hesabu ya tajiri isikupeleke jela, au kubaya zaidi.

Mjumbe Mstaafu

Nimekuwa mjumbe wa shina miaka mingi, kesi za makelele nimesuluhisha kuliko za kuku. Njia ni hii na usiruke ngazi.

Anza na mjumbe wako. Usimpeleke usiku, mpeleke mchana kwa huyo kijana, akiwa shahidi kwamba umeanza kwa amani. Ikishindikana nenda ofisi ya serikali ya mtaa, kwa mwenyekiti na mtendaji, ukiwa na barua ya maandishi. Barua yenye nakala iliyogongwa mhuri siyo sawa na kulalamika mdomo mtupu. Wengi wa wenyeviti waliopo waliingia uchaguzi wa Novemba 2024, bado wanataka kuonekana wanafanya kazi, tumia nafasi hiyo.

Kwenye barua usiandike "anapiga muziki kila siku". Chukua daftari uandike tarehe, saa muziki ulipoanza, saa ulipozimwa. Rekodi kidogo kwa simu ukiwa chumbani kwako mwenyewe. Na tafuta majirani wawili watatu nao waweke sahihi. Hapo ndipo utakapomjua jirani. Watakaokupigia makofi barazani ni kumi, wa kuweka sahihi wakabaki wawili. Wengine wanaogopa kijana, wengine wana shughuli zao za kufungia muziki mwezi ujao, hawataki kujifunga.

Mtaa ukishindwa, iko kata, na kuna afisa mazingira wa manispaa.

Jambo moja zaidi. Baba yake yuko mkoani, siyo? Namba yake mwenyekiti anayo. Simu moja ya baba mwenye nyumba ina uzito kuliko barua zangu zote.

Wakili wa Uchochoroni

Mjumbe kamaliza. Mimi naweka sheria tu, maana watu wanadhani kelele ni jambo la ustaarabu peke yake. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na chini yake zipo kanuni za 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo. Kanuni zimeweka viwango kwa aina ya eneo, na vya usiku viko chini ya vya mchana. Msimamizi ni NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, na halmashauri nazo zina wajibu wake. Umewahi kuona baa zinafungiwa kwa makelele, msingi wake ndiyo huo. Pia Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 170, kinazungumzia kero kwa umma.

Programu za kupima desibeli kwenye simu zinasaidia kukuonyesha hali, lakini usiende nazo ukidhani umemaliza kesi. Kipimo kinachosimama ni cha afisa mwenye mashine iliyokaguliwa. Daftari la mjumbe hapo juu lina maana zaidi.

Jogoo la Shamba

Sheria zote hizo halafu vigodoro, zile ngoma za usiku mtaani, viko pale pale mpaka asubuhi.

Wakili wa Uchochoroni

@Jogoo la Shamba kigodoro ni usiku mmoja, turubai linashushwa watu wanaondoka. Hata msiba tunavumilia, nani atakwenda kumwambia mfiwa anyamaze. Hapa tunazungumzia kila siku.

Mtu wa Donholm

Salamu kutoka Nairobi. Huku kanuni za kelele ni za 2009, na usiku kisheria unaanza saa mbili na dakika moja usiku, siyo saa nne. Kwa makazi usiku ni desibeli 35. Karatasi ni nzuri sana. Mwaka 2022 gavana alitoa amri dhidi ya vilabu vya usiku vilivyo katikati ya makazi, watu wakashangilia, wengine wakaenda kortini. Mimi kwa mtaa wangu kilichosaidia si gavana, ni kamati ya wapangaji na caretaker wetu ambaye hana mzaha. Ploti ya kupanga ikiwa na sheria ya kunyamaza saa nne kwenye mkataba, hakuna mjadala.

Mbongo Ujerumani

Huku saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni utulivu, na Jumapili siku nzima. Nilipofika nilianza kutoboa ukuta kwa dreli Jumapili mchana nitundike picha, mama wa chini kapanda ngazi na miaka yake themanini kuja kuniuliza kama nimechanganyikiwa. Kuna raha yake. Ila kuna siku nakumbuka kelele za nyumbani, jengo zima halina hata mtoto anayelia.

Jogoo la Shamba

Njoo tubadilishane, mimi nakuachia singeli na deni la kodi.

Asiyetaka Jina

Samahani kuharibu mtiririko. Kwangu kelele za jirani siyo muziki. Ni mwanaume anampiga mkewe, usiku usiku, na watoto wanalia. Asubuhi mama anatoka anafagia kama hakuna kilichotokea. Mume wangu ananiambia mambo ya watu niyaache. Nifanyeje?

Nesi wa Zamu

Dada, hiyo usiiweke kundi moja na sabufa. Vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia na watoto, unaweza kwenda bila huyo mama kujua nani kasema. Kwa ajili ya watoto kuna namba 116, bure. Usiende kumgongea yule mwanaume usiku peke yako. Ukimpata mama kisimani au dukani, mwambie tu "nasikia, na mlango wangu uko wazi". Asipokujibu, umeshamwambia. Sisi wodini tunawapokea waliokaa kimya na majirani wao waliokaa kimya.

Mama wa Mapacha

@Asiyetaka Jina njoo inboksi. Nimepitia kwa upande wa ndani.

Bi Mkasi

Mleta uzi kapotea. Tunataka mrejesho.

Dereva wa Alfajiri

Wakuu nipo, nilikuwa napambana na mkate. Mrejesho huu hapa.

Kitanda kilihama siku ile ile, na kabati likahamia kwenye kelele. Jumapili sikwenda kazini, nikamchukua mjumbe wetu tukamfuata dogo saa nne asubuhi. Tumemkuta peke yake anafua jinzi kwenye beseni. Shikamoo nikapewa, @Kijana wa Msewe nimekukumbuka. Nikamwambia sijaja kugomba, nataka tu aje kwangu dakika tano asikie. Mjumbe akamwambia awashe muziki kama anavyowasha usiku, mdogo wake abaki kushika rimoti.

Nimemwingiza mpaka chumbani kwangu. Mke wangu alishaondoa taulo kabatini makusudi. Dogo kasimama pale, vikombe vinalia kri kri kri, na wimbo wenyewe haueleweki hata ni upi. Akaweka kiganja ukutani. Akaniuliza, "Kwa hiyo mnalala hivi hivi?" Nikamwambia hatulali. Akanyamaza, kisha akampigia simu mdogo wake azime.

Habari ya kona nikaileta kama @FundiSpika alivyonielekeza, muziki utakuwa msafi. Macho yakamtoka! Tumetoka hapo wote watatu kwenda kutafuta tairi kwa fundi pancha, mjumbe na kanzu yake. Tumeipandisha juu ya tairi na kipande cha godoro, katikati ya chumba, kitufe cha besi kikarudi chini. Mwenyewe akasema sasa anasikia maneno ya nyimbo ambayo hajawahi kuyasikia.

Makubaliano ni besi kuzimwa saa nne siku za kazi, Ijumaa na Jumamosi saa sita. Mjumbe kayaandika kwenye daftari lake, sote tumetia sahihi.

Sasa msije mkadhani kila kitu asali. Katikati ya wiki kulikuwa na mechi, washkaji walijaa, saa tano wakasahau. Nikamtumia ujumbe maneno mawili tu, "dogo besi". Ikashuka. Kelele za magoli bado zipo, hizo nimewaachia. Barua ya mtaa nimeiandika ila iko droo, na nakala ya daftari langu ninayo. Baba yake sijampigia. Dogo mwenyewe ndiye aliyeniomba nisimpigie, na hiyo naiweka kama akiba.

Kijana wa Msewe

Kumpeleka chumbani ndiyo kumemmaliza. Mimi ungeniletea barua ningeongeza sauti.

Mjumbe Mstaafu

Barua isikae droo. Ipeleke igongwe mhuri ibaki na nakala, hata usipoitumia. Vijana wanahama, wanakuja wengine.

FundiSpika

Safi sana mkuu. Tairi la gari gani?

Dereva wa Alfajiri

La bajaji. La gari fundi pancha alitaka hela nyingi kuliko sabufa yenyewe.

Bi Mkasi

Na mimi upande wangu kuna kijana anachomelea mageti mpaka saa sita usiku, grainda inalia kama inakata fuvu la kichwa. Hilo nalo linapandishwa juu ya tairi?

FundiSpika

Hapana bi mkubwa, grainda ni sauti nyembamba, hilo ni la mwenyekiti. Fungua uzi wako, tunakuja.